Vifurushi Tisa kutoka Moshi

Ijumaa, Septemba. Same.

Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia mpaka ndani ya kibodi, na nimeigeuza mara mbili kuikung'uta. Umeme ulirudi saa nne. Kwa ratiba ya mgao wa wiki hii utakatika saa kumi na mbili jioni. Nina kama saa moja na nusu ya kuandika. Nitayapandisha haya kwenye blogu siku laini ya simu ya kafe ya intaneti itakapopona.

Sina furaha wala huzuni. Nimechoka tu. Kuna aibu pia, nayo nitaifikia.

Kwa msomaji mpya, kama yupo: nina duka la uchapaji karibu na stendi. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya shamba la mkonge, miaka kumi na mmoja ya kugonga taipureta, mpaka shamba lilipobinafsishwa na sisi wa ofisini tukaambiwa asanteni sana. Kiinua mgongo changu kikageuka kompyuta ya mtumba na printa yake. Kompyuta ilikuja na Windows ya kunakili pamoja na virusi vyake. Mwezi wa sita virusi vilipoanza kuzigeuza barua za watu kuwa alama za ajabu, nilifuta kila kitu nikaweka Linux, kutoka kwenye sidii iliyonifikia bure kwa posta. Mashine ni kuukuu, kumbukumbu yake ndogo, kwa hiyo nilichagua toleo jepesi kabisa. Linaandika barua na linachapa. Nilijisifu sana hapa hapa kwenye blogu, wengine mtakumbuka.

Jumatatu akaja Mama Nakijwa.

Ni mjane wa Suji, kule juu milimani, na wiki hii amefikia kwa binti yake hapa mjini. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakukaa kwenye kiti cha wateja. Alisimama na mkoba wake akaniuliza kama ile orodha ya zamu za maji niliyoichapa mwaka jana bado ninayo.

Ninaikumbuka kazi ile. Mashamba ya kitongoji chao hunyweshwa na mfereji unaotoka mtoni na kuingia kwenye ndiva, yaani bwawa la kijiji, na kila kaya ina siku yake na saa zake za kufungulia. Miaka yote zamu ziliandikwa kwenye daftari la katibu. Halafu ukaja mradi wenye saruji ya kukarabati ndiva, na mradi ulitaka kuona kikundi chenye katiba na orodha iliyopigwa chapa. Siku hizi bila karatasi hupati hata mfuko mmoja. Katibu wakati huo alikuwa Mzee Mbonea, mume wa Mama Nakijwa. Alikuja hapa dukani na daftari lake, akawa ananisomea jina baada ya jina, mimi naandika. Alikuwa anakohoa na anawahi gari. Kilichomshughulisha zaidi ni kwamba faili lifungwe kwa nenosiri, asije mtu akabadilisha zamu za watu. Nilimfungia.

Wiki tatu baadaye alifariki. Orodha ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji wakati mjane bado yuko ndani kwenye msiba. Daftari, kwa kuwa sasa kulikuwa na karatasi ya kompyuta, liliachwa chini ya meza mpaka mchwa wakalimaliza.

Kwenye karatasi ile kaya ya Mzee Mbonea haipo.

Mama Nakijwa alikuja kujua hivyo msimu uliopita, Alhamisi moja saa tisa, alipokwenda kufungulia maji kama walivyofanya tangu aolewe. Alikuta Alhamisi imepewa watu wengine. Akafungulia hivyo hivyo. Kwenye msaragambo uliofuata, ile kazi ya wote ya kusafisha mfereji, aliitwa mwizi wa maji mbele ya kijiji kizima, na aliyelitamka neno hilo ni katibu mpya, Eliamini, mdogo wake marehemu. Mwizi wa maji ni jina linalomfuata mtu mpaka kanisani. Maharage yake yalikauka. Anaamini shemeji yake ndiye aliyemfuta kaka yake kwenye orodha ili Alhamisi iwe huru, na tangu siku ile hawajasalimiana.

Kesho Jumamosi zamu zinasomwa upya kwa ajili ya vuli. Zikishasomwa hazigusiki mpaka mwakani. Asipokuwa na ushahidi, shamba lake litabaki kutazama mawingu, na jina litabaki lile lile.

"Wewe ndiye uliyeandika, mwanangu," aliniambia. "Mashine yako itasema."

Nilimjibu kwamba kompyuta haisahau. Hilo ni la kwanza kati ya maneno ninayoyajutia wiki hii.

Diski laini niliyohifadhia kazi ile niliipata, kwenye kopo la majani ya chai ninamotunza kazi za zamani. Faili lilikuwemo. Nenosiri pia, maana nililiandika juu ya diski yenyewe kwa kalamu ya wino. Huo ndio ulinzi wetu hapa Same. Tatizo ni kwamba lilikuwa jedwali, na Linux yangu nyepesi haina programu ya majedwali. Nilipolifungua kwa programu ya barua, kwa sababu ya lile nenosiri la marehemu, nilipata kurasa za takataka tupu. Hata herufi za jina la mtu hazikuonekana.

Nikaona ni jambo dogo. Nitaweka programu ya majedwali, tutafungua, tutachapa, Jumanne mama wa watu arudi zake Suji.

Laini ya kafe imekufa tangu wiki iliyopita, na hata ingekuwa nzima, diski haiwezi kubeba programu kubwa namna ile. Nina binamu Moshi, Eliakunda, fundi wa kompyuta kwenye ofisi yenye mtandao wa kasi. Nikampigia. Akapakua kifurushi cha programu, akakichoma kwenye sidii, akamkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, na Jumanne saa tano nikaipokea stendi ikiwa imefungwa kwenye bahasha ya kaki. Nikaiingiza. Mashine ikanijibu kwamba kifurushi hiki kinategemea kingine, na hicho kingine huna.

Nikampigia tena. Jumatano saa tano, bahasha ya pili. Kile kingine nacho kikasema kinategemea viwili.

Mama Nakijwa alikuwa anakuja kila siku saa tano unusu, baada ya basi. Anauliza, namwambia bado, anaondoka. Hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Alhamisi saa tano, bahasha ya tatu, viwili vyote vimo. Cha kwanza kikakubali. Cha pili kilikuwa toleo jipya mno kwa mfumo wangu. Kilitaka nibadilishe kwanza msingi ambao kila kitu ndani ya mashine kimejengwa juu yake. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Watani wetu wanasema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na sisi hucheka, lakini jana niliwaona wana hoja. Kuna neno unaloweza kuongeza kwenye amri, la kuiambia mashine iache kuuliza nani anamtegemea nani, iweke tu. Maelekezo yanakuonya usilitumie.

Nililitumia.

Madirisha yakapotea. Panya ikaganda, kioo kikawa cheusi na maandishi meupe yanayoshuka, na nilipozima na kuwasha hakikurudi kitu zaidi ya kistari kinachopepesa. Nilikaa nakitazama. Sikulia, ingawa ilikaribia. Mwishowe nikaichukua sidii ile ya posta nikaanza mfumo mzima upya, kazi ya saa mbili, huku wateja wawili wa barua za maombi ya kazi wakihamia duka la jirani.

Mama Nakijwa alinikuta katikati ya shughuli hiyo. Jana ndiyo siku ya kwanza aliyokaa kwenye kiti. Alitazama sidii zimetandazwa mezani.

"Kwani kila siku unaagiza kimoja kimoja?"

Nikamweleza, kwa sauti ambayo haikuwa nzuri, kwamba mashine haisemi yote kwa pamoja. Inataja kile kinachoikwamisha sasa, ukikileta ndipo inataja kinachofuata.

"Na mfereji ni hivyo hivyo," alisema. "Ukiziba pale palipobomoka ukafungulia maji, maji yanakwenda kukuonyesha pengine. Unaziba, yanakuonyesha pengine. Jua linazama. Sisi hatufanyi hivyo. Anatumwa mtu autembee mfereji wote ukiwa mkavu, toka banio la mtoni mpaka ndivani, arudi na hesabu ya mabomoko yote. Akisharudi, ndiyo tunaitana na majembe."

Nilikasirika. Nina blogu ya kompyuta, mimi, na mwanamke ambaye hajawahi kugusa kibodi ananifundisha kazi. Hasira ilipoisha nikaona hakuna kosa katika alichosema.

Siku nne nilikuwa namwagiza Eliakunda nisichonacho, na nisichonacho nilikuwa nakijua kimoja kimoja. Nilichokijua chote ni nilichonacho. Kwa mstari mmoja wa amri mashine inatoa orodha ya kila kifurushi kilichomo ndani yake, pamoja na toleo lake. Ni majina mengi, ila ni maandishi matupu, yanaenea kwenye diski na nafasi inabaki. Nikaitoa orodha ile, nikaiweka kwenye diski, nikaipeleka stendi kuwahi basi la mchana la kwenda Moshi. Nikamwambia Eliakunda asinitumie chochote kwanza. Aipitie orodha yote, aone programu ile inahitaji nini tangu mwanzo mpaka mwisho, aondoe nilivyonavyo, vinavyobaki avichukue vya toleo linalolingana na mfumo wangu.

"Dada, ungenitumia hii Jumatatu," alinijibu kwenye simu.

Leo saa tano bahasha ilikuja na vifurushi tisa. Tisa! Kwa mwendo wangu wa kimoja kimoja ningefungua faili katikati ya wiki ijayo, na zamu zimeshasomwa. Nikaviweka vyote kwa amri moja. Mashine ikavipanga yenyewe, vya chini kwanza, vya juu baadaye, na kila kimoja kikaandika kimewekwa. Ilichukua dakika chache. Sikushangilia kwa sababu Mama Nakijwa alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilikuwa nasikia anavyopumua.

Faili likauliza nenosiri. Nikaliandika. Likafunguka.

Majina yalikuwa yamejipanga, kaya, siku, saa. Nikashuka polepole ili naye afuate. Mstari wa mwisho kabisa, wa arobaini na moja, ulisomeka: Mbonea, Alhamisi, saa tisa mpaka magharibi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka sawasawa, amekaa kwenye kiti kile kile, daftari magotini. Alisoma majina ya watu wote, akafunga daftari, akasema na wa mwisho andika mimi. Nilimuuliza kwa nini katibu awe mwisho. Akasema anayegawa hachoti kwanza. Mambo yote haya yalikuwa kichwani mwangu mwaka mzima. Habari za mwizi wa maji wa Suji zilinifikia hapa dukani msimu uliopita, wateja walizisimulia wakicheka, nami nikaendelea kuchapa. Niliona hazinihusu.

Halafu nikauona mstari wa vitone.

Programu za majedwali huchora mstari mwembamba wa vitone kuonyesha karatasi inapoishia. Kilicho juu ya mstari kinatoka kwenye ukurasa wa kwanza, kilicho chini kinakwenda ukurasa wa pili. Mstari ule ulipita juu ya jina la Mbonea. Majina arobaini juu yake, jina moja chini.

Ukurasa wa pili sikuuchapa. Siku ile ukurasa wa kwanza ulipotoka umeme ulikatika. Nikaiona karatasi imejaa majina juu mpaka chini, nikajua kazi imekwisha. Ndiyo akili ya mtu wa taipureta. Kwenye taipureta ulichoandika ndicho kilichopo kwenye karatasi, karatasi ikiisha unaiona kwa macho na unaichomeka nyingine. Haikunijia kwamba jina linaweza kuandikwa, likahifadhiwa, likafungiwa na nenosiri, na bado lisitoke. Mzee wa watu aliikunja karatasi ile akakimbilia gari.

Sasa nikiri jambo ambalo sikumwambia mtu.

Mama Nakijwa hajui mstari wa vitone ni nini. Alichokiona ni jina la mumewe, na alikuwa ameshaanza kushukuru. Ningechapa, ningempa, angepanda na karatasi kesho na angepata Alhamisi yake. Kila mtu angejua moja kwa moja kwamba katibu Eliamini alimfuta kaka yake. Mashine imesema. Mimi ningebaki fundi aliyemsaidia mjane, na duka langu lingepata wateja mpaka kijiji cha Maore. Nilishika panya bila kuisogeza. Sijui kwa muda gani, lakini ulikuwa muda wa kutosha kuyafikiria hayo yote kwa mpangilio, na ndiyo maana naona aibu.

Nikamwonyesha mstari. Nikamweleza karatasi, umeme, ukurasa wa pili. Nikamwambia jina halikufutwa na mtu, ni mimi sikulitoa.

Alisogea akaweka kidole kwenye kioo, kwenye vile vitone, akavifuata toka kushoto mpaka kulia.

"Kwa hiyo Eliamini hakumfuta kaka yake."

"Hakumfuta, mama. Alisoma karatasi kama ilivyokuja."

"Msimu mzima nampita njiani kama nampita mti," alisema. "Ameniamkia, sikuitikia. Watoto wake nimewakataza kwangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hayakuja. Nilimwomba radhi, na nilisikia jinsi maneno yalivyokuwa madogo. Akakaa kwenye kiti, akafungua mkoba, akaufunga. Machozi yalimtoka kidogo akayafuta kwa upande wa kanga. Sikujua niweke wapi mikono yangu, nikaanza kuchapa.

Nimechapa nakala tatu, kurasa mbili mbili, na safari hii nilizihesabu zikitoka. Moja ya ofisi ya kijiji, moja ya katibu, moja yake. Alizipokea, akasoma ukurasa wa pili wenye jina moja tu katikati ya weupe mwingi, kisha akanirudishia zote.

"Hizi utazibeba wewe. Nikizileta mimi watasema nimekuja mjini kuzitengeneza. Kesho utapanda na mimi."

Nikamwambia Jumamosi ndiyo siku yangu ya wateja. Sijui kwa nini nililisema hilo. Alijifunga kanga yake akasimama, nami nikamwambia nitakuja.

Saa kumi na moja na robo sasa. Upepo haujatulia. Makande yako jikoni nyumbani, jirani ameahidi kuyatazama. Nimenakili faili mara mbili, nenosiri nimelifuta juu ya diski na kulikariri. Orodha ya vifurushi tisa nimeibandika ukutani kwa atakayehitaji, ingawa Same nzima sidhani kama kuna mwingine mwenye Linux.

Gari la Suji linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimetoa viatu vya kupandia mlima. Kinachonisumbua ni nitaanzaje mbele ya watu wote wale waliomwita mwizi, wakiwa wamekaa ukingoni mwa ndiva wanangoja kusikia majina yao. Nikianza na kompyuta, vifurushi na mstari wa vitone, nitakuwa najificha nyuma ya mashine, na wao watanisamehe kabla hawajaelewa.

Nitamtafuta Eliamini kwanza. Nitamwamkia shikamoo, na mbele ya shemeji yake nitamwambia kwamba mwizi wa ile Alhamisi ni mimi.